Miligramu kumi na nane

Siku ya 1, Jumapili

Nimeondoka Dar alfajiri, nikabadili ndege Johannesburg, alasiri nikashuka Cape Town. Pale Johannesburg afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema kemia. Kemia gani? "Kutengeneza dawa," nikajibu, na papo hapo nikatamani nilirudishe neno mdomoni, maana msafiri anayejitambulisha mpakani kuwa mtengeneza dawa huangaliwa mara mbili. Barua ya mwaliko ndiyo iliyoniokoa.

Usiku baba akapiga simu kutoka Muheza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshafika huko kiwandani?"

Kwa mara ya tatu nikamweleza kwamba si kiwanda, ni maabara, na kwamba nimekuja kwa siku hizi ishirini kujifunza jinsi dawa mpya za malaria na kifua kikuu zinavyobuniwa na kuundwa. Akanyamaza kidogo. "Na huu mwarobaini wa hapa uani una kasoro gani?"

Sikumjibu vizuri. Nilipaswa kumwambia kwamba sisi wakemia hatuidharau miti. Kwinini ilitoka kwenye gome la mkwinini, ambao Wajerumani waliupanda hadi kule Amani, juu ya milima anayoiona kila asubuhi akifungua dirisha. Artemisinini iliyo kwenye dawa ya mseto ilitoka kwenye mmea ambao Tu Youyou na wenzake waliuchambua huko China mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaja kupewa Nobel mwaka 2015. Shida si mti. Shida ni kwamba kwenye kikombe cha majani yaliyochemshwa hujui umekunywa nini, kiasi gani, na kinakwenda wapi kikishafika tumboni.

Jua limezama saa moja na nusu ukutani na bado kuna mwanga. Mwili haujui kama ni magharibi au ni alasiri iliyochelewa.

Siku ya 2, Jumatatu

Asubuhi nzima ni usalama. Miwani, koti, glavu, bafu la dharura liko wapi, asidi ikikumwagikia ufanyeje. Nimetia sahihi karatasi nne.

Mchana mwenyeji wangu, dada mmoja kutoka Zimbabwe mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, akachukua kalamu na kuchora juu ya kioo cha kabati la kuvutia hewa. Wakemia wa hapa wote huchora kwenye kile kioo, na vioo vyao vimejaa pete pete kama madaftari ya watoto. Akachora pete tatu zilizoshikana. Ya katikati ni aminopiridini. Ya kushoto ni piridini yenye florini tatu pembeni. Ya kulia ni benzini yenye mkia mfupi wa methoksi.

"Hii yako," akasema.

Ni molekuli ya mazoezi, hakuna anayetarajia iwe dawa. Lakini ukoo wake ni wa heshima. Inatoka kwenye jamii ileile ya MMV048, molekuli ya malaria iliyobuniwa hapa Cape Town, ambayo nitaieleza nikipata nafasi. Naitrojeni za pete ya katikati ndizo zinazotarajiwa kushikana na kimeng'enya kinachoitwa PI4K, ambacho kimelea cha malaria hukitegemea kujenga utando mpya kinapojigawa ndani ya chembe nyekundu ya damu. Florini za kushoto zimewekwa kwa sababu ini hushindwa kuzing'oa. Na methoksi ya kulia?

"Hiyo tunataka kuona itakavyofanya," akasema, na akatabasamu kwa namna ambayo leo sikuielewa.

Siku ya 3, Jumanne

Nimepika. Neno hili hata wao wanalitumia.

Nilipima miligramu 300 za unga wa rangi ya maziwa yaliyochacha, kiasi cha chumvi ya kunyunyizia yai moja la kuchemsha. Molekuli hii ya kuanzia ina iodini kona moja na bromini kona nyingine, na ujanja wote uko hapo. Iodini huachia haraka, bromini ni mbishi. Ukiweka moto wa kiasi, paladiamu, metali inayochochea mmenyuko, huing'oa iodini peke yake na kukushonea pete ya kwanza mahali pake, bromini ikibaki imekaa ikisubiri zamu yake. Mmenyuko wenyewe unaitwa Suzuki, jina la Mjapani Akira Suzuki, mmoja wa watatu waliopata Nobel ya kemia mwaka 2010 kwa kutumia paladiamu kuunganisha kaboni. Baba akisikia nimeshinda na Suzuki atadhani nimenunua kirikuu.

Jioni nikapeleka tone kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Vilele viwili vikasimama bega kwa bega, 318 na 320, urefu karibu sawa. Bromini ya duniani iko ya aina mbili, nyepesi na nzito, karibu nusu kwa nusu, ndiyo maana kila molekuli yenye bromini moja hutoka na pacha wake. Darasani Dar niliwachora mapacha hawa ubaoni miaka mingi bila kuwaona. Leo nimewaona.

Siku ya 4, Jumatano

Kolamu. Bomba la kioo refu kama mkono, ndani yake silika nyeupe laini kama sembe. Unamimina mchanganyiko wako juu, unashusha kimiminika polepole, na kila kitu kinateremka kwa mwendo wake, kinachong'ang'ania silika kikibaki nyuma. Mirija sitini midogo, kila mmoja unauonja kwa tone kwenye kibamba na kukitazama chini ya taa ya urujuanimno. Saa nne za kusimama. Nimetoka na miligramu 190, yaani asilimia 60 ya kile ambacho hesabu iliniahidi. Mwenyeji wangu akasema ni nzuri kwa mgeni. Mgongo wangu una maoni tofauti.

Nje kuna upepo wa kusini-mashariki unaokaribia kumwangusha mtu. Wenyeji wanauita Daktari, eti unafagia hewa chafu ya mji.

Siku ya 5, Alhamisi

Nimewasha mmenyuko wa pili, wa bromini, saa kumi na moja jioni, nikaondoka.

Siku ya 6, Ijumaa

Nyeusi. Nilifungua kabati nikakuta chupa nyeusi kama masizi ya sufuria ya kuni, na kwenye kuta zake kama vumbi la kioo kinachometameta. Hiyo ni paladiamu iliyokufa: imeacha kazi, imerudi kuwa metali tupu. Kibamba kikaonyesha kwamba molekuli yangu yenye bromini iko palepale, haijaguswa.

Kosa ni langu, na nalijua lilipo. Kabla ya kuwasha moto unatakiwa kupitisha gesi ya agoni ndani ya kimiminika mpaka oksijeni yote itoke. Ukurasa wa daftari unasema dakika 20. Mimi jana nilipitisha dakika tano hivi, nikaona povu, nikaridhika, nikawahi basi. Mwenyeji wangu hakugomba. Alichukua daftari langu, akaweka kidole kwenye mstari niliouandika mwenyewe kwa mkono wangu, akaondoka.

Siku ya 7, Jumamosi

Sikwenda maabara. Nilishuka mjini kwa daladala za huku, wao wanaziita teksi, zimejaa kama zetu na madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo. Mtu nyuma yangu akikohoa njia nzima. Katika mji huu kifua kikuu si hadithi, ni jirani, na kila mtu mle ndani alikuwa akitazama mbele.

Karibu na soko kuna vijana wanaovaa vizibao vya kung'aa na kulinda magari ya watu wapate chochote. Nilikuwa kwenye simu na mama. Nilipokata, mmoja akanisogelea.

"Dada, uko mtu ya Tanzania?"

Anatoka Bukavu. Tulisimama pale karibu nusu saa, yeye na Kiswahili chake cha Kivu, mimi na changu cha Tanga, kila mmoja akicheka cha mwenzake. Nilipomwambia kazi iliyonileta, hakucheka tena. "Kwetu malaria inamalizaka batoto," akasema. "Iyo dawa munatengeneza, itatoka lini?"

Nikamwambia kuwa jana niliiunguza.

Siku ya 9, Jumatatu

Miligramu 32 tu safari hii. Agoni dakika 20 kwa saa ya ukutani. Kimiminika kikabaki na rangi ya chai ya rangi mpaka jioni, ndivyo kinavyotakiwa.

Tulipokuwa tukisubiri, mwenyeji wangu akanihadithia habari za MMV048, na nataka niiandike kama nilivyoielewa, kwa sababu kwetu watu wengi waliisikia kipande cha mwanzo tu.

Mwaka 2010 Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Lengo lilikuwa dawa zibuniwe hapahapa Afrika badala ya bara hili kuwa mahali pa kujaribia tu. Mwaka 2012 wakatangaza MMV048, waliyoikuza pamoja na MMV, shirika la Geneva la kutafuta dawa za malaria. Inaua kimelea katika hatua nyingi za maisha yake, kwenye damu na hata kile cha kurudi kwa mbu. Magazeti yakaandika juu ya kidonge kimoja cha kumaliza malaria. Mwaka 2014 ikaanza kujaribiwa kwa binadamu, ya kwanza ya malaria iliyogunduliwa na timu ya Afrika kufika hapo, kisha ikapelekwa kwa wagonjwa Ethiopia.

Halafu ikasimamishwa. Haikushindwa kuua vimelea. Majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba inaweza kudhuru mimba changa. Malaria inawapata wanawake wajawazito kuliko watu wengi, na zahanati ya kijijini haina namna ya kujua nani ana mimba ya wiki tatu. Dawa ya malaria ambayo huwezi kumpa mwanamke bila kumpima kwanza, haifai kwetu.

Nikamuuliza, je, watu waliumia? Maana ni miaka mingi ya kazi. Akasema kuna waliolia. Kisha wakarudi kwenye vioo vyao wakachora nyingine.

Najua wapo wanaoisoma habari hii kama kushindwa. Mimi naisoma kinyume. Waliokuwa na sababu zote za kuibembeleza molekuli yao, tena ya kwanza, ndio waliokubali kuiacha.

Siku ya 10, Jumanne

Kolamu ya pili ilikuwa jeuri. Molekuli ilijiburuta kwenye silika kama konokono, ikaacha mkia mrefu. Tukaongeza methanoli kidogo ikateremka.

Nimepata miligramu 18. Unga mweupe unaokaa kwenye ncha ya kijiko cha chai. Asilimia 52. Mashine ya uzito ikasema 346 na hakuna pacha, yaani bromini imeondoka. Mashine ya NMR, ile yenye sumaku kubwa inayosoma haidrojeni moja moja, ikachora kilele kirefu chembamba kwenye 3.8: zile haidrojeni tatu za methoksi, zimesimama peke yao mbali na umati wa pete.

Nilikipiga picha kichupa. Najua picha ya unga mweupe haimfurahishi mtu yeyote. Nilimtumia baba hata hivyo. Akajibu: "Hiyo ni ya wagonjwa wangapi?"

Siku ya 11, Jumatano

Kichupa kimekwenda ghorofa ya chini kwa wanabiolojia. Cape Town haina malaria, mbu wake hawaiambukizi, lakini kwenye kabati lao la joto vimelea vinaishi kwa raha kwenye chupa bapa za plastiki, ndani ya damu ya watu waliojitolea. Namna ya kuvifuga hivi bila kukoma ilipatikana mwaka 1976 tu, kwa Trager na Jensen kule Marekani, na chombo chao kilikuwa mtungi wenye mshumaa ndani. Unawasha mshumaa, unafunika, unakula oksijeni mpaka unazimika, na hewa inayobaki ndiyo vimelea wanayoipenda. Nilipoonyeshwa picha ya mtungi ule nilisikia faraja.

Sahani ina vishimo 96. Dawa inapunguzwa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, vimelea vinaongezwa, unasubiri saa 72. Safu ya pembeni wameweka klorokwini, ya kulinganishia. Ukoo mmoja wa vimelea unakufa nayo. Wa pili, uitwao K1, uliotoka Thailand, hauna habari nayo.

Kulisoma jina hilo tu ngozi ilinikumbuka. Sisi tuliozaliwa kabla Tanzania haijaiacha klorokwini mwaka 2001 tunajua maana ya kumezeshwa vile vidonge vichungu na kukesha ukijikuna mwili mzima, bibi akikupaka mafuta ya nazi. Na homa ilikuwa inarudi. Ikaja dawa ya SP badala yake, nayo ikachoka. Mwaka 2006 ikaja mseto. Sasa huko Kagera na Rwanda vimeonekana vimelea vyenye badiliko la R561H, ambavyo artemisinini huvichelewa kuvisafisha. Mseto bado unaponya, lakini sisi tumeshaiona filamu hii mara mbili.

Siku ya 13, Ijumaa

Leo ni kifua kikuu, na nimekiona kupitia dirisha tu. Maabara ile huingii bila mafunzo ya muda mrefu: milango miwili, hewa inavutwa kwenda ndani wakati wote, watu wamevaa kama wafugaji nyuki. Wanafanya kazi na bakteria wa ukoo uitwao H37Rv. Bakteria wa tumboni hujigawa kila dakika 20. Huyu hujigawa karibu mara moja kwa siku, na amejifunika ukuta wa nta. Ukimpanda kwenye sahani unasubiri wiki tatu, nne, kumwona. Kwa hiyo mkemia wa malaria anapata jibu Jumatatu, mwenzake wa TB anapata mwezi ujao, na wakati huo ameshasahau alikuwa ameuliza nini.

Ndiyo maana bedakwilini, dawa ya TB, ilianza kutafutwa kwa kumtumia binamu wa bakteria huyu asiye na madhara, anayekua haraka. Koen Andries na timu yake wa kampuni ya Janssen walitangaza matokeo mwaka 2005, na Marekani ikaiidhinisha Desemba 2012. Inaziba mashine ambayo bakteria hutengenezea nguvu. Tangu rifampisini ya miaka ya 1960, hapakuwa na dawa ya TB ya namna mpya kama hiyo. Afrika Kusini mwaka 2018 iliitumia kuondoa zile sindano za TB sugu zilizokuwa zikiwaacha watu viziwi.

Pale dirishani nilimfikiria baba. Aliugua miaka minne iliyopita, TB ya kawaida. Siku ya kwanza ya dawa alitoka msalani amekunja uso, hakumwambia mtu, akidhani anakojoa damu. Ilikuwa rangi ya rifampisini. Miezi sita, kila asubuhi baada ya kumeza akichora mstari wa chaki nyuma ya mlango wa chumba. Mistari ile ipo mpaka leo, mama amekataa ipakwe rangi.

Yeye analalamika kuwa miezi sita ni mingi, na kweli ni mingi. Lakini miezi sita hiyo yenyewe ilipatikana kwetu. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, katika majaribio yaliyoanza kutoa matokeo mwaka 1972, ndio walioonyesha kwamba ukiongeza rifampisini unaweza kuacha mwezi wa sita badala ya wa kumi na nane. Majina yao hayapo kwenye kichwa cha makala yoyote.

Siku ya 16, Jumatatu

Inaua!

Inaua koo zote mbili za vimelea, na kwa kiwango kilicho chini ya mikromola moja, yaani dawa kidogo sana. Nilirukaruka. Mwenyeji wangu akanipongeza kwa mkono, kisha akaniambia jambo ambalo nimelisikia hapa kila siku kwa maneno tofauti: kuua kimelea kwenye kishimo si kazi, hata Jik inaua. Sasa twende tuone kama inayeyuka.

Siku ya 18, Jumatano

Haiyeyuki. Au inayeyuka kwa kunung'unika. Pete tatu bapa zinalaliana kama sahani kabatini na maji hayapati pa kupenya. Dawa isiyoyeyuka inapita tumboni kama kokoto. Kilichobaki cha unga wangu kimepelekwa kwa watu wa ini, wanaokichanganya na vipande vidogo vya ini la binadamu na kuhesabu dakika zinazopita mpaka nusu yake iliwe.

Siku ya 20, Ijumaa

Nimesaini daftari kila ukurasa, na mwenyeji wangu kama shahidi. Daftari linabaki. Kichupa kinabaki. Nimeondoka na koti langu lenye doa moja la njano ambalo halitoki.

Johannesburg, ndege ya Dar imechelewa. Nimekaa karibu na dirisha na kikombe cha kahawa ya bei ya kutisha. Ujumbe umeingia kutoka kwa mwenyeji wangu, maneno machache: nusu inaisha ndani ya dakika 11. Ini linakata methili ya methoksi kwanza. Kisha alama ya uso unaocheka.

Kumbe ndilo lile tabasamu la siku ya pili.

Nimechora pete tatu kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Pale kwenye mkia wa kulia nimefuta haidrojeni zote tatu, nimeweka florini tatu. Ini halitaweza kuukata hapo. Itazidi kuwa ngumu kuyeyuka, hilo nalijua, kwa hiyo itabidi kitu kinachopenda maji kiingie mahali pengine, labda kona ile ya pete ya katikati ambayo bado iko tupu. Nimeipiga picha, nimemtumia. Wametangaza kuwa tuanze kupanda.

Tiki zimetokea, mbili. Anachapa jibu.